Maswali na majibu: faili la tar.gz kwenye Ubuntu, nalifanyia nini?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji waliohama Windows karibuni wakaingia Ubuntu.

Shikamoo mwalimu. Nimepakua programu, likaja faili la tar.gz. Nikilifungua naona mafaili chungu nzima, hakuna la kubofya ili programu iingie. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mbeya)

Marahaba. Hujakosea. Inaelekea ulichopakua ni msimbo wenyewe wa programu, bado haujageuzwa kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Amri ya tar, inayofunga mafaili mengi kuwa furushi moja, imekuwepo tangu Unix ya mwaka 1979, enzi za kuhifadhi mafaili kwenye tepu. Gz inaonyesha tu kwamba furushi limebanwa.

Kabla hujaendelea, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `apt search` na jina la programu; apt ni zana ya Ubuntu ya kusakinisha programu. Ukiiona, `sudo apt install` na jina lake, basi (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi wa kompyuta). Itakuja tayari na mfumo utaisasisha wenyewe. Wengi wanaoniandikia kuhusu msimbo walikuwa na programu hiyo hiyo kwenye ghala la Ubuntu. Njia ndefu ifuate ikiwa programu haimo, toleo lililomo ni la zamani mno kwako, au unataka kujifunza. Hiyo ya kujifunza naiheshimu sana.

Basi nataka kujifunza. Nianzie wapi? (Msomaji, Nakuru)

Anza na GNU Hello. Ni programu ndogo inayosalimu tu, na imetengenezwa makusudi iwe mfano. Pakua hello-2.10.tar.gz kutoka tovuti ya GNU, kisha kwenye folda ulikoliweka andika amri hizi, moja baada ya nyingine:

```
sudo apt install build-essential
tar xf hello-2.10.tar.gz
cd hello-2.10
./configure --prefix=$HOME/.local
make
make install
```

Ya kwanza inaleta kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu cha kuendeshwa) na zana zake. `configure` inapita kwenye kompyuta yako ikiuliza: kompaila ipo? maktaba fulani (msimbo ambao programu nyingi hushirikiana) ipo? Ikiridhika, inaandika faili liitwalo Makefile, na `make` inalifuata hilo kujenga programu. `--prefix` inasema programu iwekwe wapi, na `make install` ndiyo inayoiweka hapo. Usisahau nukta na mkwaju mwanzoni mwa `./configure`, kwa sababu Linux haitafuti amri ndani ya folda uliyomo mpaka uiambie. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako uingie tena, maana Ubuntu huitambua folda ya .local/bin wakati wa kuingia. Andika `hello`, nayo itakujibu.

Kwa programu nyingine, soma kwanza faili la README au INSTALL. Si zote zinazotumia `configure`. Nyingine hutumia CMake au Meson, na amri zake ni tofauti.

Make imekatika, inasema "zlib.h: No such file or directory". Lakini zlib ninayo, nimehakikisha! (Fundi simu, Mwanza)

Zlib, maktaba ya kubana data, unayo kweli, ila nusu. Ubuntu huigawa maktaba mara mbili. Kifurushi cha `zlib1g` ni cha kuendeshea programu zilizokwisha kujengwa. Mafaili ya .h, ambayo kompaila huyahitaji wakati wa kujenga, yamo kwenye `zlib1g-dev`. Andika `sudo apt install zlib1g-dev`, kisha rudia `./configure` na `make`. Kosa la namna hii utakutana nalo tena na tena, na dawa ni ile ile: tafuta kifurushi cha maktaba hiyo kinachoishia na -dev.

Jambo moja zaidi, nalo litakuokolea saa nyingi. Mstari wa mwisho, ule wa "Error 1", haukuambii chochote. Panda juu mpaka kosa la kwanza. Mengi yanayofuata yamezaliwa na hilo. Iliyokwama ikiwa ni `configure`, soma faili la config.log.

Nikiandika nenosiri la sudo, kibodi inaganda. (Msomaji, Mombasa)

Haijagoma. Herufi zimefichwa kwa makusudi. Andika mpaka mwisho, bonyeza Enter.

Rafiki ananiambia niweke sudo kila amri ili nisisumbuliwe na makosa. (Mwanafunzi, Dodoma)

Usimsikilize. `configure` ni programu iliyoandikwa na mtu usiyemjua. Ukiipa sudo umeikabidhi kompyuta nzima. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao) kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana mafaili, yametiwa mlango wa siri, na sehemu iliyouwasha ilikuwemo ndani ya furushi la kupakua tu, haimo kwenye hazina ya wazi ya msimbo. Aliyeitia alikuwa msimamizi wa mradi wenyewe, hivyo hata kulinganisha `sha256sum` (alama ya kuhakiki kwamba faili ni lile lile lililotolewa) kusingesaidia. Linganisha hata hivyo, maana kunakamata mafaili yaliyoharibika njiani au kubadilishwa na wengine. Sudo iache mpaka `make install`, tena pale tu unaposakinisha nje ya folda yako.

Nikiichoka programu, naiondoaje? (Msomaji, Nakuru)

Apt haiijui, kwa hiyo haitaiondoa wala kuisasisha. Rudi kwenye folda ulikoijengea uandike `make uninstall`, kama mtengenezaji aliiweka. Ndiyo maana usiifute folda hiyo mapema. Mimi napendelea kuipa kila programu chumba chake, kwa mfano `--prefix=$HOME/programu/hello`. Siku ukitaka kuiondoa, unafuta folda hiyo moja.