Jibu: Redio mbovu ya kaseti kwa mtoto wa miaka 5
Ndugu yangu wa Mafinga, umeuliza kama ni busara kumwachia mwanao wa miaka 5 redio ya kaseti iliyokufa, badala ya kuiuza kama chuma chakavu. Mwachie, ila kwanza ondoa betri, ukate waya wa umeme, kisha ukae naye.

Somo kubwa limo katika kaseti yenyewe. Mpe penseli aiingize kwenye tundu lenye meno na kuizungusha polepole, aone utepe wa kahawia ukihama, upande mmoja ukinenepa na mwingine ukikonda. Na kabla hujamweleza kwamba sauti imehifadhiwa kwa sumaku kwenye utepe huo, muulize yeye anadhani wimbo umekaa wapi, umsikilize bila kumkatiza. Kwa maoni yangu, swali hilo lina thamani kuliko maelezo yote.

Pasi ya mkaa, ambayo huku Iringa bado tunaifahamu vizuri, inafaa pia ikiwa imepoa: ataona matundu yanayoingiza hewa ili makaa yasizimike. Televisheni ya chogo asiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa umeme mkali unaweza kubaki ndani.