Homa iliyokuja mafua yakiwa yameshapita

Dada, umesema mwezi uliopita nyumba nzima mlikohoa mkapona, na sasa kijana wako wa miaka 7 ana homa siku ya nne, macho mekundu, tumbo linamuuma, na kliniki wanashikilia ni malaria. Nitakueleza yaliyotupata sisi hapa Busia, lakini usingoje nimalize: mtoto aende hospitali leo.

Ilikuwa Julai 2021, wakati wa korona. Mimi na mama watoto tulilala wiki nzima. Binti yetu, miaka 8, alipata mafua ya siku mbili tu, akarudi kuruka kamba uani. Wiki nne baadaye akaamka anachemka. Kliniki ya mtaani wakamtoboa kidole, mstari wa pili ukatokea kwenye kipimo cha malaria, hafifu, tukapewa dawa ya mseto. Sikujua kwamba kipimo kile cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vijidudu kuisha mwilini, na yeye alikuwa ametibiwa malaria mwezi Juni. Ilitakiwa damu iangaliwe kwa darubini. Dozi ikaisha, homa palepale. Akaanza kuharisha, wakasema basi ni taifodi.

Kilichonishtua ni kandambili. Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa namvalisha, mguu ukagoma kupita chini ya ukanda. Umevimba. Ndipo nikamtazama sawasawa: midomo imepasuka, myekundu kama wa mtu aliyepaka rangi, macho mekundu lakini hayana tongotongo, vipele mgongoni. Akaniambia, "Baba, moyo unakimbia."

Hospitali ya rufaa tulipokewa na daktari kijana, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Nyumbani mliugua kikohozi au mafua wiki chache zilizopita?" Nikamwambia. Akaacha kuandika, akamshika mtoto mikono kuona kama ni ya baridi.

Alivyonieleza, kirusi chenyewe kilikuwa kimeondoka. Kinga iliyopigana nacho ndiyo ilikataa kutulia, ikawa inachoma mwili wake wenyewe: mishipa ya damu, utumbo, na hasa moyo. Kwa kawaida huanza wiki 2 hadi 6 baada ya korona, hata kama korona yenyewe ilikuwa nyepesi mno. Wanaiita kwa kifupi MIS-C. Madaktari wa Uingereza ndio walioanza kutoa tahadhari Aprili 2020, na inafanana na ugonjwa wa Kawasaki, ambao hushika zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Kipimo cha korona cha puani wakati huo mara nyingi hakionyeshi kitu, kwa hiyo kikitoka safi usikubali kurudishwa nyumbani.

Walimpima damu kuona kiwango cha uvimbe mwilini, wakampiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Moyo ulikuwa unasukuma kwa udhaifu. Dawa ya kinga inayotoka kwenye damu ya wachangiaji haikuwepo, na bei yake si ya mtu wa kawaida, lakini steroidi, dawa ya kutuliza kinga, kwa dripu ilikuwepo. Siku ya pili homa ilishuka, akaomba uji. Alipewa pia aspirini kidogo kila siku. Hiyo ni ya daktari peke yake, usimpe mtoto mwenyewe nyumbani.

Wiki mbili baadaye ngozi ya ncha za vidole ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu, na ile picha ya moyo ilibidi irudiwe, kisha irudiwe tena, mpaka moyo ukawa sawa.

Ukifika mapokezi anza na hili: "Tuliugua kikohozi wiki kadhaa zilizopita, homa ni siku ya nne." Omba moyo uangaliwe. Mikono na miguu ikiwa baridi, akipumua haraka, au akilala usingizi usio wa kawaida, msiingie foleni, mwite nesi hapohapo. Na uniandikie mkishaonwa, hata kama ni usiku.