Encelia yako inaoza shina? Maji hayo

Shoga, umeuliza kwa nini hiyo Encelia farinosa uliyopanda Micheweni inaoza shina, mie naona ni maji tu, kile ni kichaka cha jangwa la Sonora huko Marekani na Meksiko, masika yetu hakiyajui. Yale majani meupe-meupe ni manyoya ya kurudisha jua, sasa wewe umekiweka chini ya mwembe! Kitoe, tia kwenye ndoo mbovu ilotobolewa, mchanga mwingi na kokoto, samadi achana nayo. Mvua zikianza kiingize barazani, kiangazi mwagia udongo ukishakauka kabisa. Maua ya njano yatakuja. Na ile gundi ya shinani usiitupe, mapadri wa Kispania waliichoma kama ubani.