Ballpark sio hifadhi: misemo ya Kizungu iliyoniumbua kazini

Nilianza kazi ya bukingi kwenye kampuni moja ya utalii pale Arusha nikiwa na Kiingereza ambacho mwenyewe nilikiamini kweli kweli, naangalia muvi bila kusoma maandishi ya chini, shuleni nilikuwa kwenye debate, nikajua hapa hakuna wa kunibabaisha. Wiki ya pili tu Mmarekani mmoja akaandika anataka kuja na familia, watu watano, akamalizia "just give me a ballpark figure". Mimi jicho likanasa kwenye park. Nikajiuliza hii Ball Park iko wapi, kusini huko au? Nikaipitia orodha ya hifadhi zetu mpaka chini haipo, nikasema huyu atakuwa amekosea kuandika, basi nikamtumia viingilio vyote vya kaskazini, Tarangire, Manyara, Serengeti, na Ngorongoro juu (ambayo kiukweli wala sio hifadhi ya taifa ila tuyaache), mkubwa na mtoto, mstari kwa mstari. Saa nzima nimekaa na kikokotoo. Jamaa akajibu kwa upole kabisa, asante, ila jumla inaweza kufika kama shilingi ngapi hivi? Kumbe alitaka bei ya kukadiria tu, ya juu juu, aone kama mfuko unaruhusu.

Ballpark ni uwanja wa besiboli jamani. Na hapo ndo nikashtukia kitu ambacho shuleni hatukuambiwa, tulikaririshwa "it's raining cats and dogs", msemo ambao miaka yote niliyofanya kazi na wazungu sijawahi kuusikia hata mmoja akiutamka, ila misemo wanayotumia kila siku ofisini hakuna aliyetufundisha, na mingi imetoka kwenye michezo ambayo sisi hatuichezi. Mmarekani anaongea besiboli bila kujua. Akikwambia "let's touch base" anataka muwasiliane kidogo mjuane mmefikia wapi, hakuna kugusana. Jambo likitokea "out of left field" ujue limemshtukiza, hakulitegemea. Mwingereza naye ana kriketi yake, ukimsikia yuko kwenye "sticky wicket" basi kabanwa.

Iliyoniuma zaidi ni rain check. Mteja alikuwa kwenye mpango wa kupanda puto Serengeti, akaandika "we'll take a rain check on the balloon". Mimi nikajua anaogopa mvua! Nikamwandikia aya mbili, kwamba masika kwetu ni kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano na wao wanakuja wa nane, kukavu kabisa, wasiwe na hofu, na puto nikaliacha kwenye kotesheni. Zamani Marekani mechi ya besiboli ikivunjwa na mvua unapewa kitiketi cha kurudi siku nyingine bure, ndo rain check hiyo. Maana yake mtu anakataa kwa adabu, sio leo, labda safari nyingine. Sasa mimi nimemng'ang'aniza kitu alichoshakikataa. Bosi alicheka mpaka akavua miwani.

Hayo ni ya kuchekesha, hili lingine halikuwa la kuchekesha. Wazee wawili wa Kiingereza, mtu na mkewe, wako lodji ya juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, pale ni zaidi ya mita 2,200 na baridi la mwezi wa saba usipime. Saa mbili usiku dereva ananipigia, "Dada, mzee anasema mama yuko a bit under the weather." Nikamjibu si ndiyo, huko baridi, waambie lodji wamwongezee blanketi na chupa ya maji ya moto kitandani. Wakaongeza. Asubuhi mama hainuki, katapika usiku kucha, ikabidi ashushwe Karatu hospitali. Alipona, nashukuru Mungu, lakini mzee wa watu alikuwa ametuambia tangu jana usiku kwamba mkewe anaumwa, ndo maana ya ule msemo, sisi tukamletea blanketi.

Kwa hiyo Mwingereza akitanguliza "a bit", wewe simama. Hata wazungu wenyewe kwa wenyewe inawapiga chenga. Inasimuliwa kwamba Aprili 1951 kwenye vita ya Korea, Waingereza wamezingirwa na Wachina huko Mto Imjin, brigedia wao Tom Brodie akamwambia jenerali wa Kimarekani kwamba mambo ni "a bit sticky", yaani wamebanwa kweli kweli. Jenerali akaelewa kuna kaugumu kidogo ila vijana wanamudu. Kikosi cha Gloucester, cha hao hao Waingereza, kilibaki hapo hapo, mamia wakaishia kutekwa.

Ninachofanya siku hizi ni hivi, nikikutana na msemo nisioujua siutafsiri neno kwa neno na wala siitikii tu "yes yes", naurudisha kwa maneno yangu ya kawaida, "so you want only an estimate?", mwenyewe atanirekebisha kama nimekosea, na hajawahi hata mmoja kunicheka kwa hilo. Na kuutumia mimi mwenyewe siutumii mpaka niwe nimeusikia kwa watu watatu tofauti. Fikiria mzungu anayejifunza Kiswahili kasikia "mkono wa birika" leo asubuhi, mchana anamwambia mama mkwe una mkono wa birika mzuri. Ndo sisi tunavyosikika.

Nina kidaftari nakiandikia yote. Ukurasa wa mwisho hadi sasa ni "Bob's your uncle", Waingereza wanaibandika mwisho wa maelekezo, fanya hivi, bonyeza hapa, halafu Bob's your uncle, yaani basi, kitu kimejipa. Mara ya kwanza nilimjibu mteja kwamba mjomba wangu anaitwa Hassani. Hadithi yake inayopendwa, ingawa wajuzi wanaibishia, ni kwamba mwaka 1887 waziri mkuu wa Uingereza Lord Salisbury, jina lake Robert, na Bob ni kifupi cha Robert, alimpa Arthur Balfour cheo kikubwa cha kusimamia Ireland. Balfour alikuwa mtoto wa dada yake. Hiyo sasa hata bila kidaftari nimeielewa.