Lenzi ya mkononi: kwa nini vitu vya mbali vinagoma

Mkuu, umeuliza mawili: kwa nini ukichomoa lenzi na kuishika kwa mkono vitu vya mbali vinatoka ukungu mtupu, na kama mchezo huu utaua kamera. La kwanza lilinitesa karibu mwezi mzima, acha nianzie hapo.

Lenzi ikishatoka kwenye mdomo wa kamera umeisogeza mbele, na milimita moja tu ni nyingi. Chukua lenzi ya 50mm, zungusha ringi ya fokasi mpaka alama ya mbali kabisa. Ukiivuta milimita 1, fokasi inashika kitu cha kama mita 2.5. Milimita 2, mita 1 na robo hivi. Milimita 5, nusu mita. Kwa hiyo mtoto aliyekaa mbele yako anatoka, jahazi kule nje halitoki ng'o. Mkono wako hauna kosa.

Dawa ni lenzi ya ukoo mwingine. Mimi nina Canon ya kioo (DSLR, ile yenye kioo ndani kinachoinuka ukipiga), lenzi ni Nikon 50mm kuukuu. Lenzi ya Nikon imetengenezwa ikae milimita 46.5 kutoka kwenye sensa (kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), mdomo wa Canon hiyo uko milimita 44 tu, basi nabakiwa na milimita 2.5 za kuchezea kabla vitu vya mbali havijapotea. Mwenye Sony isiyo na kioo anafaidi zaidi, kwake ni 18 tu, ila lazima aingie kwenye menyu airuhusu kamera kupiga bila lenzi. Hakikisha Nikon yako ina ringi ya kufungulia tundu, yaani tundu la ndani ya lenzi linalopitisha mwanga. Zisizo nayo, ukizichomoa tundu linajifunga mpaka mwisho, unabaki na giza.

Raha ya mchezo huu ni kuinamisha lenzi, lakini kidogo sana, wengi wanazidisha. Lenzi ikiwa mshazari, eneo kali nalo linakatiza picha mshazari. Nilimpiga shangazi akisuka ukili barazani: vidole na ukili vikali, uso na ukuta vimeyeyuka. Mwanga unaopenya kwenye mwanya kati ya lenzi na kamera naupenda, lakini ukizidi weusi wote unakuwa kijivu, kwa hiyo naziba kwa kidole gumba na cha shahada. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/250 ya sekunde au kasi zaidi, piga nyingi. Katika kumi mimi napata moja, na siku mbaya sipati kitu.

Sasa hatari. Vumbi ndiyo kila mtu anataja, na kweli lipo: ufukweni wakati wa kusi sithubutu. Lakini kilichonitisha mimi ni kioo. Siku moja nilichangamka nikaisukuma lenzi ndani, kioo kilipoinuka kikagonga mkia wake. Ule mlio! Bahati hakikuvunjika. Tangu hapo kidole kimoja hukaa kati ya lenzi na kamera kama kabari. Ukirudi nyumbani, rudisha lenzi kwenye kamera, piga ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu dogo. Ukiona madoa, pulizia sensa kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo.