Maswali ya Wasomaji: Mlima wa Wino na Nafasi Iliyoachwa Tupu

SWALI: Kitabuni nimeiona picha ya mchoraji Fan Kuan, mlima mkubwa wa rangi ya udongo. Naambiwa ni miongoni mwa picha kuu za China, ila mimi sikuona cha ajabu. Niitazameje? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Kitabu ndicho kilichokuponza. "Wasafiri Kati ya Milima na Vijito", iliyochorwa takriban mwaka 1000, ina kimo cha zaidi ya mita 2. Ukurasani inabaki sawa na kiganja. Hiyo rangi ya udongo nayo ni hariri iliyochorewa, iliyogeuka rangi kwa uzee. Picha yenyewe imo katika Makumbusho ya Kasri la Taifa, Taipei. Tafuta nakala yake ya mtandaoni, uikuze.

Anzia chini. Upande wa kulia, njiani, kuna msafara wa nyumbu wa mizigo (wale wazao wa punda na farasi, si wa Serengeti), wadogo kama sisimizi. Pandisha jicho polepole hadi kwenye miti iliyo juu ya mwamba, ambako paa za hekalu zinachungulia. Hapo picha inakatika. Unakuta mkanda wa ukungu, yaani hariri ambayo karibu haikuguswa na wino, na juu yake mlima umesimama wima, umechukua karibu theluthi mbili za kimo chote.

Ufunike ukungu huo kwa kidole. Mlima utasogea mbele na kupungua ukubwa papo hapo! Ukungu umeficha kitako chake, jicho likakosa pa kupimia umbali, ndiyo maana mlima unaonekana hauna mwisho. Nafasi tupu hapo inafanya kazi kuliko wino.

Usihangaike kutafuta mahali pamoja ambapo mchoraji alisimama. Guo Xi, mchoraji wa karne ya 11, alitaja umbali wa aina tatu: kutazama kilele kutoka bondeni, kuchungulia milima iliyo nyuma ya mingine, na kutupa macho kutoka mlima wa karibu hadi wa mbali. Alisema pia kwamba mandhari bora ni yale ambayo mtu angeweza kutembeatembea na kuishi ndani yake. Kwa hiyo tembea.

Ukishachoka kutembea, sogea karibu. Ubavu wa mlima umejaa vidoa vifupi vya brashi. Mtindo huo huitwa "matone ya mvua", nao unafaa mwamba mkavu, mgumu. Milima laini ya kusini, yenye udongo, ilichorwa kwa mistari mirefu ya "nyuzi za katani". Ukizijua alama hizi mbili tu, utaanza kutambua aina ya mlima kabla ya kusoma jina la picha. Sahihi ya Fan Kuan yenyewe imejificha kwenye majani ya miti karibu na msafara. Haikugunduliwa hadi 1958.

SWALI: Nachora kwa wino kwenye karatasi ya mchele, lakini kila mstari unavimba na kuwa doa. Kosa ni wino au mkono? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ni karatasi, pamoja na maji. Kwanza, jina hilo linapotosha: karatasi hiyo, ambayo Wachina huiita xuan, hutengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga, si mchele. Wachina huigawa kuwa "mbichi" na "iliyoiva". Mbichi hunyonya maji mara moja. Iliyoiva imepakwa gundi na shabu, hivyo mstari hukaa ulipowekwa. Anza na iliyoiva.

Andaa visahani vitatu: wino mzito, sehemu 1 ya wino kwa 3 za maji, na 1 kwa 10. Kama unasaga kijiti cha wino, weka matone machache tu ya maji kwenye jiwe, uzungushe taratibu bila kukandamiza. Ukiwa na haraka utapata chembechembe. Brashi ikishachovywa, iguse kwenye kitambaa kabla ya kugusa karatasi. Hatua hii ndiyo wengi huiruka. Chora miamba kwa wino wa kati, pitisha ule mwepesi ikikauka, malizia kwa nukta nzito za vichaka. Wino hupauka ukikauka, basi usiongeze tabaka kabla ya kusubiri. Na usirudie mstari uliokosea: utapata tope.

SWALI: Ile mihuri myekundu juu ya picha, si uharibifu? (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Baadhi ni ya mchoraji, mingi ni ya wamiliki waliofuata, na husaidia kufuatilia picha ilipita mikononi mwa nani. Wapo waliozidisha. Qianlong, mfalme wa China wa karne ya 18, alipenda kugonga muhuri kupita kiasi, na kwenye "Mwanzo wa Machipuko" ya Guo Xi, ya mwaka 1072, aliandika hata shairi angani kulia. Kwa maoni yetu, anga ile ingependeza zaidi bila yeye.

SWALI: Nakala yangu ya picha ya kuning'iniza inaweza kukaa ukutani mwaka mzima? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana. Mwanga huipausha, na unyevu wa pwani huleta ukungu, ule mbaya. Itundike wiki chache mbali na dirisha, kisha ikunje kwa kuiviringisha kuanzia kwenye rola ya chini (kijiti kilicho mwishoni mwa picha) bila kuikaza. Ikikazwa hupata mikunjo ya kukingama, na hapo ndipo hupasuka.