Ujumbe ulioishia kwenye salamu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama bado kuna maana ya kutuma ujumbe mfupi na kupiga soga kupitia akaunti ya barua pepe, ilhali simu nyingi siku hizi zina programu zake za kuchati. Jibu langu ni ndiyo, na nalitoa nikiwa mtu aliyeitumia njia hiyo kwa miaka mingi, ikaniumiza vibaya mara moja, na bado sikuiacha. Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba tunazungumzia njia moja. Barua pepe inayogeuzwa kuwa SMS kwenye simu ya mtu ni jambo moja, dirisha la soga lililowekwa ndani ya kikasha cha barua ni jambo lingine, na programu ya soga inayosafirisha maneno yake kwa barua pepe zenyewe ni jambo la tatu kabisa. Hili la mwisho ndilo ninalolitetea.

Nianze na lile lililoniumiza. Marehemu baba yangu alikuwa na simu ya vitufe isiyo na intaneti, nami nilikuwa nikishinda mbele ya kompyuta mahali ambapo simu hazikuruhusiwa. Kampuni yake ya simu ilikuwa na huduma ambayo kampuni nyingi duniani zilikuwa nayo wakati huo: ukiandika namba ya mteja, kisha alama ya @, kisha jina la seva (kompyuta inayopokea na kupeleka barua) ya kampuni hiyo, unapata anwani ya barua pepe inayoishia kwenye simu yake. Barua ilipofika kwenye seva ile, iliondolewa mapambo yote, ikageuzwa kuwa ujumbe mfupi, na simu ya baba ikalia. Alipojibu, jibu lake lilirudi kwenye kikasha changu kama barua. Sikuwahi kuona kitu kilichonifurahisha kama kile, kwa kuwa yeye hakulazimika kujifunza lolote jipya.

Tatizo lilikuwa kwenye kipimo. SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120 (biti ndicho kipimo kidogo kabisa cha data), na kwa kuwa alfabeti ya kawaida ya simu hutumia biti 7 kwa kila herufi, tunapata zile herufi 160 tunazozijua. Kikomo hicho hakikuangukia hapo kwa bahati tu. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa nyumbani kwake mjini Bonn na mashine ya kupiga chapa, akaandika sentensi na maswali ya namna mbalimbali, akahesabu herufi na nafasi, na kuona kwamba karibu yote yalitosha ndani ya 160. Kiswahili, kwa kuwa hakina herufi zenye vituo juu yake, kinaingia vizuri katika alfabeti hiyo, isipokuwa pale ambapo kompyuta inajifanya hodari na kuigeuza alama ya ritifaa katika neno kama ng'ombe iwe ya kupinda. Alama hiyo iliyopinda haimo katika alfabeti ya simu, kwa hiyo ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi hupungua kutoka 160 hadi 70. Kikatuni kimoja cha uso unaocheka hufanya vivyo hivyo. Simu za kisasa huunganisha vipande kadhaa na kuvionyesha kama ujumbe mmoja, lakini seva nyingi za kugeuza barua hazikujishughulisha na hilo. Zilikata pale kipimo kilipoishia, na mara nyingi zilitanguliza anwani ya mtumaji na kichwa cha barua, vikala sehemu ya nafasi hiyo hiyo.

Siku moja nilimwandikia baba kwamba safari yangu imeahirishwa kwa wiki moja. Niliandika kama nilivyolelewa kuandika: shikamoo baba, natumaini hujambo na nyumbani wote hawajambo, sisi huku tu wazima wa afya na tunamshukuru Mungu, hofu ni kwako tu uliye mbali nasi. Habari ya safari niliiweka baada ya hayo. Baba alipokea salamu zote, hazikupungua hata moja, na ujumbe ukakatika hapo. Kesho yake alikwenda stendi akanisubiri tangu asubuhi mpaka basi la mwisho la usiku likawasili, akiwa mzee wa miaka sabini na tatu, na simu mfukoni yenye ujumbe wangu aliouamini kuwa umekamilika. Upande wangu hapakuwa na taarifa yoyote ya kunionya kwamba maneno yamekatwa, kwa sababu kwa seva ile barua ilikuwa imefikishwa salama.

Baada ya hapo nilianza kumwandikia jambo lenyewe kwanza na salamu mwishoni, kama nafasi ipo. Baba alivumilia miezi michache, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini siku hizi namwandikia kama karani. Nilimweleza habari ya herufi 160. Alielewa, lakini najua hakuridhika, nami sikuridhika pia.

Huduma za namna ile sasa zinafungwa. AT&T ya Marekani, kwa mfano, iliizima ya kwake tarehe 17 Juni 2025. Sioni ajabu, maana mtumaji alikuwa halipi chochote na yeyote mwenye orodha ya namba aliweza kuzijaza simu za watu barua taka. Zaidi ya hayo, ilikulazimu kujua mwenzako yuko kampuni gani, na siku akihama na namba yake kwenda kampuni nyingine, anwani uliyoizoea haikufaa tena. Kwa mtu anayetaka leo kuandika SMS kutoka kwenye kompyuta, ni afadhali atumie programu inayoiunganisha kompyuta na simu yake mwenyewe kuliko kutegemea njia hii. Wala asimsikilize anayemwambia kwamba SMS ni mali ya simu tu: ujumbe mfupi wa kwanza kabisa, ule wa tarehe 3 Desemba 1992 ambao mhandisi Neil Papworth alimtumia Richard Jarvis kupitia mtandao wa Vodafone huko Uingereza kumtakia heri ya Krismasi, ulichapwa kwenye kompyuta.

Kuhusu madirisha ya soga ndani ya vikasha vya barua, nitasema machache. Yalikuwa mazuri. Gmail iliweka soga kando ya barua mwaka 2006, na mwishoni mwa 2008 ikaongeza uwezo wa kutuma SMS kutoka dirisha lile lile, kwa utaratibu wa kupewa akiba ya ujumbe 50, kila unaotuma unapunguza mmoja na kila jibu unalopokea linakurudishia tano. Lakini soga hiyo, iliyoitwa Google Talk, ilipisha nyingine ya Google iitwayo Hangouts mwaka 2013, nayo Hangouts ikafungwa mwaka 2022 na watumiaji wakahamishiwa Google Chat, na kila mara watu walilazimika kujifunza upya na baadhi ya wenzao wakapotea njiani. Katika muda huo wote, anwani ya barua pepe ya mtu aliyejiandikisha mwaka 2006 haikubadilika hata herufi moja. Mimi hilo linanitosha kuona ni kipi cha kujengea na ni kipi cha kupitia tu. Dirisha la soga ni la kampuni, na kwa kawaida huongea na wateja wa kampuni hiyo pekee. Barua pepe hufuata kanuni zilizo wazi kwa wote, na mteja wa kampuni moja humwandikia wa kampuni nyingine bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Hapo ndipo inapoingia ile njia ya tatu. Programu kama Delta Chat huingia kwenye akaunti ya barua pepe, hutuma kila sentensi kama barua ndogo, na kwenye skrini huipanga kama soga ya kawaida, maneno yako upande mmoja na ya mwenzako upande wa pili. Wengi hushangaa kwamba barua pepe inaweza kwenda kasi kiasi hicho, kwa kuwa wamezoea programu zinazokwenda kuchungulia kikasha kila baada ya robo saa. Ucheleweshaji huo ni wa programu, si wa barua. Tangu mwaka 1997 kumekuwa na kanuni inayoiruhusu seva kuiarifu programu papo hapo barua mpya inapoingia, na kwa njia hiyo maneno hufika ndani ya sekunde chache. Japani walilizoea jambo hili zamani: huduma ya intaneti ya simu iitwayo i-mode ilipoanza mwaka 1999, simu zilikuwa na anwani zake za barua pepe, na kwa miaka mingi watu wa huko waliandikiana habari fupi fupi za kutwa nzima kwa barua pepe ambapo sisi wengine tungetuma SMS.

Sitaficha kasoro zake. Baadhi ya seva humkatalia kwa muda mtumaji zisiyemfahamu na kusubiri ajaribu tena, hivyo ujumbe wa kwanza kwa mtu mpya unaweza kukawia dakika kadhaa, na mara nyingine huangukia kwenye barua taka. Nawashauri wanaoanza wapigiane simu kwanza na kukubaliana. Watoa huduma wengi huweka kikomo cha barua kwa siku, na kundi la soga lenye watu wengi hukifikia upesi. Wote wawili wakitumia programu hiyo, maneno yao husimbwa kwa siri hata seva isiyasome, jambo ambalo SMS haina, lakini seva bado inaona nani ameandikiana na nani na saa ngapi. Tena, akaunti ikishakuwa mlango wa barua na soga pamoja, atakayeipata nywila yako atakuwa amepata vyote viwili. Kwa hiyo uthibitisho wa hatua mbili, yaani kudaiwa kitu kingine zaidi ya nywila, ni wa lazima, na naona si vizuri hatua hiyo ya pili itegemee SMS peke yake, kwani simu ikipotea unafungiwa nje ya kila kitu kwa mpigo.

Mtu ninayezungumza naye zaidi kwa njia hii ni dada yangu mkubwa. Viungo vya vidole vyake vimekaza na kioo cha simu hakimtii, lakini kwenye kibodi kubwa ya kompyuta anaandika vizuri, polepole, bila kuumia. Anwani anayotumia ni ile ile ambayo mwanawe alimfungulia miaka mingi iliyopita. Mimi napokea maneno yake kwenye simu yangu nikiwa popote, nikijibu naye anayaona mbele yake kwa herufi kubwa alizozichagua mwenyewe. Hakuna kinachokatwa. Jana nilimwandikia kuhusu miwani yake mipya, na kabla ya kuigusa habari ya miwani nilianza na shikamoo dada, nikamuuliza hali yake, ya watoto, ya wajukuu mmoja mmoja kwa jina, na ya majirani. Akajibu yote kwa mpangilio ule ule, akianza na marahaba mdogo wangu, kisha ndipo tukaingia kwenye miwani.